William Blake na Mashtaka Yake Dhidi ya Torati

William Blake (1757–1827), mshairi na mchongaji wa picha za shaba huko London, aliikataa sheria ya dini kwa jina la Yesu mwenyewe. Hoja hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Paulo alifundisha kwamba neema imewatoa waumini chini ya sheria, na kufikia mwaka 1650 wahubiri wa Uingereza walioitwa Ranters walikuwa wameishikilia hadi wengine wakafungwa. Mama yake Blake naye, kabla ya kuolewa na baba yake, alisali na Wamoraviani, kanisa ambalo waumini wa Mbeya na Tabora wanalijua vyema.

Mwaka 1789 Blake na mkewe Catherine walihudhuria mkutano wa wafuasi wa Swedenborg, mwanateolojia wa Uswidi, lakini hawakudumu nao. Jibu lake likawa kitabu cha *The Marriage of Heaven and Hell*. Humo shetani anamtetea Yesu kama mvunja Amri Kumi: hakuijali sabato, alimwokoa mzinzi asipigwe mawe, hakujitetea mbele ya Pilato. Alitenda kwa msukumo wa moyo, wala hakufuata kanuni.

Hata uchapaji wake ulikuwa sehemu ya hoja. Blake aliandika maneno kinyumenyume juu ya bamba la shaba kwa rangi isiyoliwa na asidi, kisha akalimwagia asidi. Shaba tupu ililiwa, maandishi yakabaki yameinuka. Kwake, ndivyo uongo unavyoyeyushwa ili ukweli uonekane.

Mwaka 1794 akamchora Urizen, mzee wa ndevu nyeupe anayetunga sheria moja kwa viumbe wote, kisha anawalaani wanawe kwa kuwa hakuna awezaye kuishika. Kazi iliyo kali zaidi, hata hivyo, ni *Visions of the Daughters of Albion* (1793). Mhusika wake mkuu, Oothoon, anabakwa, na mpenzi wake Theotormon anamwona amechafuka. Oothoon anakataa aibu hiyo. Hapa Blake anaufichua ukatili wenyewe wa maadili ya kawaida: yanamhukumu aliyeumizwa.

Baadaye msamaha ndio uliojaa katika maandishi yake. Ingawa aliikataa sheria, hakuishi kiholela: ndoa yake na Catherine ilidumu karibu miaka 45. Alizikwa Bunhill Fields, makaburi ya waliojitenga na kanisa la taifa, ila kwa ombi lake ibada ilikuwa ya Kanisa la Uingereza.