Spana za Marekani na mnunuzi aliyezifanya ziwe bora

Machi 2023, kampuni ya Stanley Black & Decker ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha Fort Worth, Texas, kilichokuwa kimeanzishwa ili kurudisha Marekani utengenezaji wa spana, soketi na racheti za chapa ya Craftsman. Mpango huo ulitangazwa mwaka 2019, ukatengewa dola milioni 90 hivi na kuahidi ajira zipatazo 500. Mitambo ya kisasa iliyotegemewa kuharakisha kazi haikuleta tija iliyotarajiwa, na miaka minne haikutimia kabla ya milango kufungwa. Habari hiyo iliwauma wengi wanaotengeneza magari, pikipiki na mashine nyumbani kwa mapenzi yao tu, kwa sababu kwao chombo kilichotengenezwa Marekani kimebeba ahadi: mdomo wake hautapanuka, hakitateleza kwenye nati, hakitavunjikia mkononi. Ahadi hiyo ilikuwa na msingi, na si haki kuibeza. Hata hivyo, ukiifuata historia ya spana hizi tangu mwanzo utaona kwamba ubora wake ulimfuata mnunuzi fulani. Pale mlipaji alipokuwa mtu ambaye kazi yake ingesimama chombo kikimwangusha, spana zilitengenezwa vizuri. Pale alipoanza kuvutwa na bei peke yake, viwanda vilifunga virago. Kwa hiyo anayechagua spana leo na aulize kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya nani, ndipo aulize ilitengenezwa wapi.

Mnunuzi wa kwanza mkali alikuwa jeshi. Katika karne ya 19 viwanda vya silaha vya serikali kule Springfield, Massachusetts, na Harpers Ferry vilihangaika kwa miaka mingi kutengeneza bunduki ambazo kipuri cha moja kingeingia kwenye nyingine bila kupigwa tupa. Ili hilo liwezekane, chuma kilipaswa kupata umbo lilelile kila mara, na jibu lililopatikana likawa nyundo ya mashine inayoangukia chuma chekundu ndani ya kalibu. Kiwanda cha Colt, Hartford, Connecticut, kiliendeleza sana njia hiyo, na kijana mmoja aliyefanya kazi humo, Charles Billings, baadaye akashirikiana na mwenzake aitwaye Spencer kuanzisha kampuni ya Billings & Spencer mjini humohumo. Kutoka vipuri vya bunduki na vya cherehani, kampuni ikaingia kwenye spana. Miaka ya 1880, J.H. Williams akafuata njia hiyo Brooklyn. Marekani ilikuwa tayari na spana zake za kujirekebisha: Loring Coes wa Worcester alipata hataza ya spana ya skrubu mwaka 1841, na Daniel Stillson akapata ya spana ya mabomba mwaka 1869. Hizo zilikuwa uvumbuzi wa umbo. Kilichoijengea nchi jina ni namna chuma chenyewe kilivyofuliwa.

Inafaa tuisogelee kazi hiyo, maana ndipo tofauti ya spana na spana inapozaliwa. Kipande cha chuma hupashwa moto hadi king'ae rangi ya machungwa, kikawekwa juu ya nusu ya kalibu, kisha nyundo yenye nusu ya pili ikashushwa juu yake. Chuma husukumwa kila upande hadi kingine kikatokeza pembeni kama ukingo mwembamba, ambao hukatwa baadaye. Faida yake kubwa haionekani kwa macho: nyuzinyuzi za ndani ya chuma hupinda kufuata umbo la spana, zikazunguka mdomo badala ya kukatizwa, na kwa hiyo mahali panapobeba mzigo mkubwa kuliko pote ndipo penye nguvu. Chuma cha kumimina hakina sifa hiyo. Baada ya hapo spana huchomwa tena, huzimwa ghafla kwenye mafuta ili iwe ngumu, kisha hupashwa moto wa wastani ili ugumu huo usiifanye ivunjike kama kioo. Hatua hizi mbili za mwisho ndizo rahisi kuzilipua, kwa sababu mnunuzi hawezi kuziona dukani. Spana iliyoharakishwa hung'aa sawasawa na iliyotulizwa. Hadi siku ya nati iliyoshika kutu.

Gari ndilo lililoleta mnunuzi wa pili. Ford ilitoa Model T mwaka 1908, ikitumia kwa wingi chuma chenye vanadi, na hadi uzalishaji wake ulipokoma mwaka 1927 magari zaidi ya milioni 15 yalikuwa yametoka kiwandani. Magari hayo yalihitaji mafundi, na katika gereji za Marekani ulikuwepo utaratibu ambao bado upo: fundi hununua vyombo vyake mwenyewe, kwa fedha ya mfukoni mwake. Mtu wa namna hiyo hadanganyiki mara mbili. Mwaka 1920 Joseph Johnson na William Seidemann walianzisha Snap-on huko Milwaukee wakiwa na wazo moja, mipini 5 ya kubadilishana kwenye soketi 10, na wakawapelekea mafundi vyombo hivyo hadi gereji badala ya kuwasubiri dukani. Muuzaji aliyejua kwamba atarudi kwa fundi yuleyule, tena akimdai malipo ya mkopo, asingethubutu kumwachia spana mbovu. Bonney ya Allentown, Pennsylvania, katika miaka ya 1920 ilitangaza spana za aloi ya kromu na vanadi, zilizoweza kuwa nyembamba na nyepesi bila kupoteza nguvu. Plomb ya Los Angeles ikaja mwaka 1933 na spana yenye mdomo upande mmoja na ringi ya kipimo hichohicho upande wa pili, umbo ambalo leo limo katika kila kisanduku cha fundi duniani. Mabadiliko haya yote yalisukumwa na watu waliolala chini ya magari kila siku na kusema waziwazi kipi kinafaa.

Vita vya Pili vya Dunia vikaongeza mnunuzi mkali zaidi ya wote. Serikali ya Marekani ilinunua spana kwa mamilioni, kwa vipimo vilivyoandikwa na kukaguliwa, na vigezo vya aina hiyo ndivyo vilivyokuja kuendelezwa katika viwango vya chama cha wahandisi wa mitambo, ASME. Kromu na nikeli zilibanwa kwa ajili ya mahitaji ya vita, ndiyo maana spana nyingi za 1942 hadi 1945 ni nyeusi au za kijivu. Wakusanyaji wapya huzipita wakidhani ni duni. Ule mng'ao wa kromu huzuia kutu na kurahisisha kufuta grisi. Nguvu ya spana haitoki huko.

Mpaka hapa hoja ni nyepesi. Ugumu unaanza kwa Craftsman, kwa sababu wanunuzi wake walikuwa hasa watu wa nyumbani, si mafundi wa kulipwa, na bado spana zake za miongo ya katikati ya karne ya 20 ni nzuri kweli. Kampuni ya maduka ya Sears ililinunua jina hilo mwaka 1927 kwa dola 500. Haikuwa na kiwanda cha kufua spana. Iliagiza kwa wengine, na mtengenezaji wake mkuu wa spana akawa Moore Drop Forging wa Springfield, Massachusetts, ambaye alama yake ni herufi V ndogo iliyogongwa kwenye mpini. Je, hii haivunji hoja yangu kuhusu mnunuzi? Naona inaitia nguvu. Sears ilijifunga kubadilisha bure chombo chochote cha mkono kilichovunjika, bila kuuliza risiti, na kwa ahadi hiyo ikawa yenyewe ndiye mnunuzi mwenye hasara: kila spana mbovu iliyorudi kaunta ilimgharimu aliyeiagiza. Mtu wa nyumbani akawa ameazimwa ukali ambao peke yake asingekuwa nao. Tena, wanunuzi wengi wa siku hizo walikuwa wakulima na wafanyakazi wa viwandani, waliorekebisha trekta na gari kwa sababu hawakuwa na njia nyingine.

Kilichofuata kinajulikana. Maduka makubwa ya bei nafuu yalimzoesha mnunuzi kuangalia seti ya vipande 200 badala ya spana moja, na mshindani wa Craftsman akawa namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha bei. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 sehemu kubwa ya utengenezaji wake ilikuwa imehamia Asia. Mwaka 2017 Sears ililiuza jina kwa Stanley Black & Decker kwa thamani ya dola milioni 900 hivi, na Oktoba 2018 Sears yenyewe ikaomba kinga ya mufilisi. Mwaka huohuo wa 2017 Armstrong, jina jingine la vyombo lililoanzia Chicago mwaka 1890, lilifutwa na wenye nalo. SK, kampuni nyingine ya vyombo iliyoanza 1914, ilinunuliwa mwaka 2021 na GreatStar ya China. Anayesema dhamana ya maisha inatosha kumlinda mnunuzi na aitazame orodha hii: dhamana huishi kadiri ya mtoaji wake. Na hata inapotimizwa, hurudisha spana tu. Nati iliyosagwa pembe hairudishwi na mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la Taiwan. Wapo wanaosema, na wana ushahidi, kwamba spana ya Taiwan ya leo inaweza kuwa sawa na ya Marekani kwa vipimo, umaliziaji na nguvu, kwa bei iliyo pungufu sana. Sina sababu ya kubisha. Viwanda vya Taiwan vilinoa ujuzi wao kwa kuzitengenezea kampuni za Marekani zilizokuwa na masharti makali, na nchi nyingine zina majina yao ya zamani pia: Stahlwille ya Ujerumani ni ya mwaka 1862, Hazet ya 1868. Mnunuzi mkali akihamia kwingine, ubora humfuata hukohuko. Lakini hilo halimaanishi kila spana itokayo Asia ni nzuri. Kiwanda kimoja kinaweza kufua spana za daraja mbalimbali, kila mwagizaji akipewa anacholipia, na ndipo asiyejua daraja aliloliagiza muuzaji wake hupotea.

Wengine husema mtu wa nyumbani hahitaji chombo cha mtaalamu, kwa kuwa hakitumii kila siku. Mimi naona kinyume. Fundi wa gereji ana bunduki ya upepo, jeki ya kuinua gari, gesi ya kupashia bolti na mwenzake wa kumshikia. Wa nyumbani ana mkono wake na spana. Mara nyingi anafungua gari au mashine kuukuu ambayo bolti zake hazijaguswa kwa miaka 20, na nati moja ikisagika kazi yote inasimama. Hapo ndipo ringi iliyochongwa vizuri inapojilipa. Katika miaka ya 1960 Snap-on ilibadilisha umbo la ndani la soketi na ringi zake ili zikandamize ubapa wa nati badala ya pembe, na wazo hilo sasa limeenea kwa wengine. Angalia pia mdomo ulioinamishwa nyuzi 15: ukiigeuza spana juu chini kila baada ya mzungusho, inatosha kuzungusha nyuzi 30 tu, jambo linalookoa mahali penye nafasi finyu. Mdomo ukilegea, hila hiyo haisaidii kitu.

Kwa anayetaka spana mpya ya Marekani, zimebaki pale alipobaki mnunuzi mkali. Sheria ijulikanayo kama Berry, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1941, huilazimisha wizara ya ulinzi kununua vyombo vya mkono vilivyotengenezwa Marekani isipokuwa kwa sababu maalumu, na viwanda vya mafuta, reli na ndege bado huhitaji spana zenye viwango. Ndiyo maana Wright ya Barberton, Ohio, iliyoanza 1927, inaendelea kufua, na Proto, jina lililozaliwa baada ya Plomb kuingia kwenye kesi ya kugombea jina, bado ina spana nyingi zinazotoka Marekani. Bei yao ni kubwa, ya kuuzia viwanda, na sitamlaumu anayeshindwa. Anayenunua na asome maandishi kwa makini: kwa kanuni ya 2021 ya tume ya biashara ya shirikisho, kusema bila masharti kwamba bidhaa imetengenezwa Marekani kunaruhusiwa tu pale ambapo yote au karibu yote imetoka huko. Picha ya bendera kwenye boksi, au maneno kwamba ilibuniwa Marekani, hayamaanishi hivyo. Nyongeza ya kwamba mali ghafi ni ya kutoka nje nayo inasema jambo tofauti.

Njia ya nafuu ni spana zilizotumika. Tafuta jina la kiwanda, alama ya kufuliwa na ya aloi, kisha jaribu mdomo kwenye bolti mpya ya kipimo chake: ukicheza sana, umepanuka, na haurekebishiki. Chungulia pembe za ndani za ringi kama bado zina ncha. Kutu ya juujuu si kitu, ila kromu inayobanduka vipande hukata vidole, na spana iliyochongwa kwa mashine ya kunolea ili iingie mahali fulani imeshapoteza sehemu ya nguvu yake. Jambo la mwisho linamhusu hasa msomaji wa Nairobi, Mwanza au Lubumbashi anayepata seti ya jamaa aliyerudi kutoka ng'ambo: nyingi za zamani ni za inchi. Ya 3/4 ni milimita 19.05, inakaa vizuri kwenye nati ya 19. Ya 9/16 ni milimita 14.29, na kwenye nati ya 14 ya Toyota iliyokaza itasaga pembe, hata iwe imefuliwa na nani.