Makaburi Yasiyoandikwa

Homa kuu ya mafua ilipoingia nchini mwaka 1918, ilitukuta tumechoshwa na vita. Kilosa ilikwisha tekwa na Waingereza tangu 1916. Vijijini, kama huku kwetu Mikumi, nani aliyekuwa na daftari la vifo? Sensa ya Waingereza ya 1921 iliwahesabu walio hai.

Mwaka 1927 mtaalamu Edwin Jordan alikadiria kuwa duniani walikufa watu milioni 21. Mwaka 2002 wataalamu wengine walifikisha milioni 50. Je, makaburi yaliongezeka? La! Waliosahauliwa ndio waliokumbukwa.

Basi ukishamzika jamaa yako, nenda ukaandikishe kifo chake. Maradhi yasiyohesabiwa hayatengewi dawa.