Maandamano ya Uhai Ifakara Yalianzia Wodini

Desemba 28 Wakatoliki huwakumbuka Watoto Mashahidi, wale wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Watetezi wa uhai nchini Tanzania wameifanya sikukuu hiyo kuwa yao, siku ya misa na maandamano ya kupinga utoaji mimba. Ukiuliza desturi hii ilitoka wapi, wengi watakutajia Washington, alikoandaa Nellie Gray maandamano ya kwanza Januari 1974, mwaka mmoja baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuhalalisha utoaji mimba.

Kwa bonde la Kilombero, ilipo Ifakara, jibu hilo halitoshi. Tanzania haikuwa na hukumu ya namna hiyo ya kupinga. Kanuni ya Adhabu, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, inakataza kutoa mimba katika vifungu vya 150 hadi 152, na kifungu cha 230 kinamlinda anayempasua mama kwa nia njema ili kuokoa maisha yake. Kwa hiyo muumini wa hapa anapoandamana, anazungumza zaidi na jirani zake kuliko na majaji. Ujumbe wenyewe umeenezwa na Pro-Life Tanzania, chini ya Emil Hagamu, na umepita parokiani kwa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kwa vijana na kwa jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizipa kipaumbele mwaka 1976.

Lakini Kanisa la Ifakara lilikuwa limeshaanza kuutetea uhai zamani, bila mabango. Mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi na Masista wa Baldegg walifika Tanganyika kushika nafasi ya Wabenediktini wa Kijerumani walioondolewa na Vita Kuu ya Kwanza. Huduma yao ya tiba ndiyo iliyokua ikawa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, alikofanya kazi Dk. Karl Schöpf. Mwaka 1949 alifika mtafiti Rudolf Geigy kutoka Basel, na mwaka 1957 akaanzisha maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara.

Bonde hili lilikuwa gumu kwa mjamzito na mtoto, na mpunga ndio uliolisha nyumba. Mvua zikianza, familia zilihamia mashambani, kwenye vibanda vilivyo mbali na zahanati, na huko mbu walikuwa tele. Mtoto akipandisha homa usiku, mama alikuwa na matope mbele na maji nyuma. Ndiyo maana naona mradi wa vyandarua vyenye dawa wa KINET, ulioanza Kilombero na Ulanga mwaka 1997, una nafasi katika historia hii: utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa matumizi ya vyandarua hivyo yaliongeza uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Kuna mtu mzima leo anayelima hapa bondeni kwa sababu ya chandarua.

Kulikuwa pia na mto. Mjamzito wa upande wa Ulanga aliyehitaji upasuaji Ifakara alitegemea kivuko, na Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Daraja la Kilombero lilizinduliwa mwaka 2018. Uchungu hausubiri kivuko, na kila mkunga wa bonde hili anajua daraja hilo limefupisha nini.

Ifakara ilipata jimbo lake mwaka 2012, lilipomegwa kutoka Mahenge, chini ya Askofu Salutaris Libena. Jimbo likarithi hospitali pamoja na imani iliyoijenga. Urithi huo ndio unaoipa sauti ya waandamanaji uzito, kwa sababu nyuma yake kuna wodi ambamo mama hupokewa hata saa tisa usiku.

Hata hivyo kati ya maandamano na wodi yupo binti mwenye mimba. Takwimu za kitaifa za 2022 zinaonyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata ujauzito. Akifukuzwa nyumbani, atakwenda kwa yeyote atakayemfungulia mlango, hata kama ni mtoa mimba wa vichochoroni. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, nalo ni jambo ambalo jumuiya inaweza kulishika kwa mikono. Maandamano yanapita Desemba, shule zinafunguliwa Januari, na binti huyo anahitaji sare, nauli, na mama mmoja wa jumuiya wa kubaki na mtoto hadi kengele ya mwisho.