Kikinga mpini cha ngozi

Kikinga mpini ni kipande cha ngozi kinachovishwa mpini wa shoka, chini tu ya kichwa cha chuma. Kazi yake ni kupokea kishindo pale makali yanapokosa gogo na mpini kugonga kuni. Bila kinga, mapigo hayo huchana nyuzi za mti na hatimaye mpini huvunjika.

Utengenezaji. Ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 3 hadi 4 hukatwa kwa urefu wa sentimita 10 hivi, ikatobolewa pembeni na kufungwa kwa kamba. Ngozi mbichi hulowekwa na kushonwa ingali na maji. Ikikauka husinyaa na kubana mpini. Wasiokuwa na ngozi huweza kutumia tyubu kuukuu ya baiskeli.

Malighafi katika Kaunti ya Kajiado, Kenya. Kiserian, mji wa kaunti hiyo ulio chini ya Vilima vya Ngong kando ya barabara ya Magadi, una machinjio na biashara kubwa ya mifugo, hivyo ngozi hupatikana karibu. Wamaasai wa eneo hilo wana ufundi wa jadi wa ngozi, unaoonekana katika ala za sime. Mzeituni mwitu, uitwao oloirien kwa Kimaasai, hutoa mipini migumu.

Utunzaji. Ngozi hupakwa mafuta au nta. Shoka likilowa, kikinga kilichofungwa kwa kamba hufunguliwa kikauke, kwani unyevu uliofungiwa huozesha mti. Kikinga hakizuii kichwa kulegea. Hilo hurekebishwa kwa kabari.