Jasho la usiku Bukoba, kuanzia enzi za Juliana

Mwanamke wa Dar akiamka saa nane usiku ameloa jasho, atalaumu joto la Dar, au umeme uliokatika feni ikazima. Wa Bukoba hana kisingizio hicho. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Victoria, mvua inanyesha karibu mwaka mzima na usiku watu wanajifunika blanketi. Jasho la usiku Bukoba au Muleba lazima litafutiwe sababu. Ndiyo maana lina historia.

Leo nazungumzia kukoma kwa hedhi. Vijana wenzangu, hasa wa kiume, msikimbie! Mama zenu wako humo au wanakaribia.

Kwanza, kinachotokea mwilini. Mwanamke anapokaribia miaka 50, ovari zinapunguza homoni ya estrojeni. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayosimamia joto la mwili, na estrojeni ikipungua sehemu hiyo inakuwa na wasiwasi kupita kiasi. Joto likipanda kidogo tu, inatoa amri kana kwamba nyumba inaungua: mishipa ya damu ya ngozi inatanuka, uso na kifua vinawaka, moyo unadunda, jasho linamwagika. Dakika chache baadaye mama anatetemeka kwa baridi. Wengi hupitia hali hii kwa miaka kadhaa, baadhi zaidi ya saba. Si homa. Ukimpima kwa kipimajoto, kwa kawaida utakuta joto lake liko sawa.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina la Kiswahili. Watu waliuita Juliana, jina la nguo iliyoingia na wafanyabiashara kutoka Uganda, kwa sababu vijana waliovaa nguo hizo na kufanya biashara hizo ndio walioonekana kukonda na kufa. Mwaka 1985 shirika la afya duniani, WHO, lilikutana Bangui na kutoa vigezo vya kumtambua mgonjwa pale ambapo hakuna kipimo cha damu. Miongoni mwake: kupungua uzito, kuharisha kwa zaidi ya mwezi, na homa ya muda mrefu, hata ile inayokwenda na kurudi.

Mwaka 1987 watafiti walipima damu za watu mkoa mzima. Bukoba Mjini walikuta maambukizi ya asilimia 24.2 ya watu wazima. Bukoba Vijijini na Muleba, asilimia 10. Karibu mtu mmoja kati ya wanne pale mjini!

Mfikirie mwanamke wa Muleba mwenye miaka 49 mwaka huo. Amemzika mume, au mtoto, au wote. Majirani wanahesabu nani kakonda. Halafu yeye anaanza kuamka usiku ameloa, joto linakuja na kuondoka, usingizi hakuna, chakula hakipiti. Angemwambia nani? Alikuwa na sababu zote za kuamini kwamba zamu yake imefika, kumbe huenda ni umri tu. Kinyume chake kilikuwa kibaya zaidi: mwenye kifua kikuu kujiambia ni utu uzima, akakaa nyumbani.

Huko Marekani mambo yalikuwa mengine kabisa. Tangu 1942 waliuza vidonge vya estrojeni vilivyotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba (ndiyo, mkojo wa farasi), na mwaka 1966 daktari mmoja, Robert Wilson, alitoa kitabu akiahidi kwamba homoni zitamfanya mwanamke abaki kijana daima. Julai 2002 utafiti mkubwa wa homoni mbili kwa pamoja ulisimamishwa kabla ya muda, baada ya kuonekana kwamba hatari ya saratani ya matiti na kiharusi inaongezeka. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa kwa walio chini ya miaka 60, au ambao hedhi imekoma chini ya miaka 10 iliyopita, hatari ni ndogo zaidi. Zogo hilo lote lilipita mbali na Muleba.

Kinachonikera zaidi ni takwimu. Ule upimaji wa Kagera uliishia miaka 54. Tafiti za kitaifa za 2003-04, 2007-08 na 2011-12 zilipima watu wa miaka 15 hadi 49. Yaani mwanamke alipokaribia kukoma hedhi, alikoma pia kuhesabiwa. Na ni wakati huohuo bibi wa Kagera alikuwa analea wajukuu yatima. Hata shirika la Kwa Wazee, lililoanza Nshamba, Muleba, mwaka 2003, lilianza kwa kuwapa bibi kama hao pensheni ndogo.

ARV za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004. Matokeo yake, wanawake walioambukizwa wakiwa vijana wanafika miaka 50, jambo ambalo mwaka 1987 hakuna aliyelitarajia. Kila wanapohudhuria kliniki wanaulizwa dalili za kifua kikuu: unakohoa? una homa? umepungua uzito? unatoka jasho jingi usiku? Swali hilo la mwisho mama wa miaka 50 anaweza kulijibu "ndiyo" kwa sababu mbili tofauti kabisa.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: pima kwanza. Malaria, makohozi, VVU kama hujui hali yako. Kikohozi, kukonda na homa inayoonekana kwenye kipimajoto si dalili za kukoma hedhi. Vikiondolewa hivyo, ndipo mtu ashughulikie joto lenyewe: nguo nyepesi za pamba, kanga badala ya blanketi zito, dirisha wazi lenye wavu, maji ya baridi karibu na kitanda, kupunguza pombe na sigara. Anayeteseka sana amuone daktari kuhusu homoni, isipokuwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu, ambaye kwa kawaida hashauriwi kuzitumia. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa isiyo ya homoni, fezolinetant, inayotuliza ile sehemu ya ubongo moja kwa moja.

Kahawa nayo huwaamshia joto baadhi ya wanawake. Nani atakwenda kumwambia bibi wa Kihaya aache kutafuna kahawa, hilo nawaachia madaktari.