Udongo Ulio Chini ya Mawe: Uchimbuaji wa Miji ya Kale ya Pwani na Ushahidi wa Lugha

Mwaka 1948, James Kirkman alipoanza kazi ya uchimbuaji katika magofu ya Gedi, kiasi cha kilomita 16 kusini ya Malindi, msitu ulikuwa umeufunika mji huo kwa karne nyingi. Mizizi ya miti ilikuwa imepenya kuta, na mapaa yalikuwa yamekwisha kuporomoka zamani. Katika muda wa miaka kumi hivi yalifukuliwa msikiti mkuu, jumba la mtawala, makaburi, visima, na nyumba za mawe zenye vyoo na vyumba vya kuwekea mali. Baadhi ya nyumba hizo zilipewa majina kutokana na vitu vilivyookotwa ndani yake: moja iliitwa Nyumba ya Mkasi, nyingine Nyumba ya Taa ya Chuma. Kaburi moja lilikutwa limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Kirkman alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1954, na katika anwani yake aliuita Gedi mji wa Waarabu.

Anwani hiyo ilibeba hukumu nzito. Kuuita mji ulio katika ardhi ya Afrika mji wa Waarabu ni kusema kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu wa ustaarabu ulioletwa kwa majahazi. Fikira hiyo haikuwa ya Kirkman peke yake. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa na baadaye Manda katika funguvisiwa la Lamu, aliamini kwamba Manda ulianzishwa katika karne ya 9 na walowezi kutoka Ghuba ya Uajemi. Alitegemea vigae vya vyombo vilivyotoka huko, pamoja na kuta kubwa za mawe zilizojengwa upande wa bahari. Aidha, Tarehe ya Kilwa yenyewe husimulia habari za wafalme waliotoka Shirazi. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba wataalamu hao walikosa ushahidi. Linalostahili kuulizwa ni ushahidi wa aina gani walioutafuta, na mahali gani.

Kwa kawaida mchimbuaji wa wakati ule alianza pale ambapo ukuta ulionekana. Mawe ndiyo yaliyomwita, na mawe ndiyo aliyoyasafisha, akayapima na kuyachora. Nyumba ya fito na udongo, ambayo hata leo ni makazi ya watu wengi wa pwani, huoza na kurudi ardhini bila ya kuacha gofu la kumvutia mpita njia. Katika Gedi, mathalani, sehemu kubwa ya ardhi iliyozungukwa na ukuta wa nje haina majengo ya mawe. Ni vigumu kudhani kwamba palizungushwa ukuta pasipokuwa na watu. Vivyo hivyo kwa vyombo. Kigae cha Uchina au cha Uajemi kilithaminiwa kwa sababu kiliweza kutoa tarehe, ilhali vipande vya vyungu vya wenyeji, vilivyokuwa vingi mno kuliko vile vya kigeni, vilipewa nafasi ndogo katika hoja. Matokeo yake ni kwamba historia ya miji hiyo iliandikwa kutokana na kile kilichodumu, wala si kutokana na kile kilichotangulia.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na kazi ya Mark Horton katika magofu ya Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, iliyoanza mwaka 1980. Juu ya ardhi palionekana magofu ya nyumba za mawe, makaburi na msikiti wa Ijumaa, mabaki ya mji ulioachwa katika karne ya 15. Horton hakuridhika na mawe hayo. Alichimba chini ya sakafu ya msikiti, tabaka baada ya tabaka, na akakuta kwamba msikiti wa mawe ulisimama juu ya mfululizo wa misikiti midogo iliyoutangulia. Ile ya chini kabisa haikuwa ya mawe. Alama zake zilikuwa madoa ya mviringo katika udongo, yaliyoachwa na nguzo za mbao zilizooza. Msikiti wa kwanza ulikadiriwa kuwa wa mwisho wa karne ya 8, na ulikuwa mdogo kiasi cha kutosha jamaa wachache tu. Ulijengwa ndani ya kijiji kilichokwisha kuwapo, chenye uwanja katikati na kisima chake.

Umuhimu wa matabaka hayo uko katika mwendelezo wake. Nyumba za udongo zilifuatwa na nyumba za mawe mahali pale pale, na msikiti wa mbao ulifuatwa na wa matumbawe bila ya mji kuhama. Vyungu vya matabaka ya chini, vilivyochorwa mistari na pembetatu, vilikuwa vya aina iliyopatikana pia mbali na Shanga: kusini hadi pwani ya Tanzania, na hata bara. Felix Chami, aliyefanya uchunguzi katika pwani ya Tanzania na kuchapisha matokeo yake mwaka 1994, alishikilia kwamba vyungu hivyo ni vya wakulima na wafua chuma waliokuwa wakisema lugha za Kibantu. Mji wa mawe, basi, haukushushwa kutoka jahazini. Ulikua kutoka kijiji.

Kwa mwanafunzi wa lugha, habari hii si ngeni. Kiswahili chenyewe kina matabaka, na msamiati wa ujenzi ni mahali pazuri pa kuyachimbua. Katika tabaka la juu yamo maneno kama vile msikiti, mihrabu, ghorofa na msumari, yaliyotoka katika Kiarabu, na dirisha, lililotoka katika Kiajemi. Lakini nguzo za msamiati huo zimesimama chini zaidi. Kujenga kwa Mgiriama ni kudzenga. Kwa Mkikuyu, aliye mbali na bahari, nyumba ni nyũmba, mlango ni mũrango, na kisima ni gĩthima. Hata neno mji, ambalo kwa msomaji wa leo hudokeza maduka na barabara, ni ndugu wa mudzi wa Kigiriama na mũciĩ wa Kikuyu, maana yake ikiwa ni makazi au nyumbani kwa mtu. Waliokaa Shanga walipozidi kuwa wengi na matajiri, lugha yao haikuwa na haja ya kuazima jina la mahali walipoishi. Ilipanua maana ya jina la zamani. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, waliunganisha ushahidi wa namna hii na ule wa wachimbuaji, wakakiweka Kiswahili pamoja na Kipokomo, Kimijikenda na Kingazija katika ukoo mmoja wa lugha.

Hata hivyo, haifai kosa la kwanza lisahihishwe kwa kosa la pili. Baadhi ya waandishi, katika juhudi ya kuurudisha ustaarabu huu kwa wenyewe, walikaribia kukana kwamba wageni waliwahi kufanya makazi pwani, na masimulizi ya Washirazi wakayafanya kuwa majivuno matupu. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi kutoka mifupa ya watu 80 waliozikwa katika miji kama Manda, Mtwapa na Songo Mnara, wengi wao kati ya miaka ya 1250 na 1800. Ilionekana kwamba kwa wengi wa watu hao wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka kwa Waafrika, hasa wanawake, na sehemu kubwa ya uliobaki ulitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Tarehe ya Kilwa, kumbe, ilihifadhi kumbukumbu ya kweli.

Je, matokeo haya yanairudisha anwani ya Kirkman? La. Kwanza, msikiti wa mbao wa Shanga uliutangulia mchanganyiko huo kwa karne mbili hivi. Wageni walikuta watu wenye makazi, biashara na dini. Pili, wanaume hao wa Uajemi hawakuacha lugha yao. Watoto wao walisema lugha ya mama zao, na maneno ya Kiajemi yaliyobaki katika Kiswahili ni machache kuliko ambavyo mtu angetazamia kwa kutazama mifupa peke yake. Mfupa hueleza nasaba, jiwe hueleza mali, nalo neno hueleza ni nani aliyemlea nani. Mwenye kutaka kujua Waswahili ni nani hana budi kuvisikiliza vyote vitatu, wala asikiache kimoja kiseme kwa niaba ya vingine.

Mwaka 2024 Gedi uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, kwa jina la mji wa kihistoria na mahali pa akiolojia. Neno Waarabu halimo tena. Lakini kazi haikwishi kwa kubadilisha anwani. Wachimbuaji wamekwisha kujifunza kutazama doa la nguzo iliyooza kwa makini yale yale wanayoutazamia ukuta. Wanaisimu nao wana deni la kukusanya msamiati wa mafundi wa fito, udongo na makuti kabla haujafuata njia ya nyumba zenyewe, kwa kuwa katika msamiati huo imo historia ambayo haikuandikwa kwenye kaburi lolote. Ikumbukwe pia kwamba Mswahili huliita tumbo la mama mji wa uzazi. Wazee walioliweka neno hilo mahali hapo walijua jambo ambalo wataalamu walihitaji miongo mingi ya kuchimba ili walione.