Matairi ya mjomba na Wajerumani wawili

Mwenzenu nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa na kesi ya kujibu nyumbani, na kesi yenyewe ni matairi mawili.

Mjomba wangu wa Kimara anaendesha teksi. Ni Corolla imechoka, ila ndo imenisomesha. Likizo iliyopita akabadilisha shokapu za mbele, zote mbili, tulizifuata Gerezani mimi na yeye. Fundi alipomaliza akasema, "Mzee, sasa ipeleke alaimenti." Mjomba akanigeukia mimi, msomi wa ukoo. Nami bila aibu nikamwambia, mjomba, hapo wanataka kukuongezea gharama tu, shokapu kazi yake ni kupunguza mtikisiko, inahusiana vipi na tairi linakoelekea? Akaniamini. Miezi miwili haijaisha, matairi ya mbele, mapya kabisa, yamelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, mwalimu." Kha! Bora angenitukana.

Basi bwana, mtu wa historia akikosea anaenda maktaba. Nilitaka kujua ni lini hasa shokapu ilianza kuingilia mambo ya usukani.

Tuanzie kwenye mkokoteni wa farasi. Ule wa zamani ulikuwa na gogo moja mbele, magurudumu mawili yakiwa kwenye ncha zake, na pini moja katikati. Ukikata kona, gogo zima linazunguka. Hapo hakuna cha alaimenti, magurudumu yote yapo kwenye mti mmoja, yatatofautianaje? Shida ni kwamba gogo likizunguka linahitaji nafasi chini ya mkokoteni, na ukikata kona kali mkokoteni unapoteza mguu mmoja na kupinduka.

Mwaka 1816 fundi wa magari ya farasi kule Munich, Georg Lankensperger, akaja na wazo lingine: gogo litulie, kila gurudumu lizunguke kwenye pini yake, na fito ziyaunganishe. Tena fito zikae kwa pembe maalumu, maana kwenye kona gurudumu la ndani linachora duara dogo kuliko la nje, hivyo lazima likunje zaidi. Wakala wake London alikuwa Rudolph Ackermann, mzaliwa wa Saxony, aliyewahi kuchora magari ya farasi kabla ya kufungua duka la picha na vitabu mtaa wa Strand. (Nawaita Wajerumani wote wawili, ingawa Ujerumani iliungana 1871, msije mkanisahihisha.) Ackermann akasajili hataza Uingereza mwaka 1818. Mpaka leo mahandisi dunia nzima wanasema "Ackermann". Lankensperger, aliyeumiza kichwa, hatajwi. Wale tunaosoma historia mambo haya hayatushangazi, anayeandikisha ndiye anayekumbukwa.

Wazo lenyewe halikuenea haraka. Hata Karl Benz, gari lake la 1886 lilikuwa na magurudumu matatu, moja tu mbele, akakwepa tatizo zima. La magurudumu manne lenye pini mbili alilitoa 1893.

Sasa angalieni kilichotokea. Magurudumu yalipoachana na gogo, kilichoyafanya yaelekee njia moja kikawa urefu wa fito, yaani tairodi. Ikizidi kidogo au ikipungua, tairi moja linatazama ndani au nje kama miguu ya bata. Nilipiga hesabu: tairi likikengeuka digrii 1 tu, kila kilomita 1 linaburuzwa ubavu mita 17 hivi. Teksi ya mjomba inakimbia kutwa nzima. Pigeni wenyewe.

Lakini bado shokapu haijaingia. Magari mengi ya mwanzo yalibaki na ekseli nzima ya chuma mbele, ubadilishe springi usibadilishe, tairi linasimama vile chuma kilivyofuliwa. Marekani, General Motors walianza kuachanisha magurudumu ya mbele kwenye magari ya mwaka 1934, kila moja linapanda na kushuka kivyake. Halafu akaja Earle MacPherson. Alikuwa akitengeneza gari dogo la bei rahisi, Chevrolet Cadet, mradi ukafutwa 1947, akahamia Ford. Ubunifu wake ulikuwa kupunguza vyuma: mkono wa juu unaoshika gurudumu akautoa, kazi yake akaipa shokapu. Ford Consul ya Uingereza ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja nao, Corolla ya kwanza ya 1966 nayo ikaja nao mbele.

Jamani, hapo ndo nilipofunga kitabu. Shokapu ya mjomba siyo godoro, ni nguzo! Juu imefungwa kwenye bodi, chini imekamata kitovu cha tairi kwa bolti mbili. Ukizilegeza, zile tundu zina nafasi kidogo, tairi linaweza kurudi likiwa limelalia ndani kama lina matege. Na shokapu mpya ikiinua gari, tairodi nazo zinabadili mlalo, tairi linageuka wakati hakuna aliyegusa usukani. Fundi alikuwa sahihi asilimia mia.

Jumamosi nilikwenda na mjomba, bumu likiwa mfukoni. Wakafunga vioo kwenye rimu, kompyuta ikaonyesha mbele yote nyekundu. Kijana akalegeza bolti za shokapu, akalisimamisha tairi, akakaza. Kisha akaingia chini kwenye tairodi, kuzungusha kidogo, kuangalia, kuzungusha tena, mpaka ikawa kijani. Nilidhani angetumia nyundo, kumbe ni kazi ya milimita.

Tukarudi na barabara ya Morogoro. Mjomba akaachia usukani sekunde mbili tatu, gari likanyooka. Nikamsimulia habari ya Lankensperger na Ackermann. Akacheka, akasema hata yeye miaka ile gari lilikuwa lake, kadi ikiwa na jina la tajiri.

Tairi moja nimelinunua mimi. La pili nadaiwa, tumekubaliana bumu lijalo, kwa hiyo msinialike popote.